Siku Tulipodeta

Juzi maji yalikatika tena hapa Mutanga Nord, na yaliporudi, robine ya jikoni ilianza kukohoa. Ilikohoa, ikatema matope kidogo, ikanyamaza, kisha ikafungua koo. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maharage. Harufu ile ya maji ya kwanza, ya kutu na vumbi lililoloa, ikaniingia puani nikajikuta nacheka peke yangu. Mume wangu akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Espe amerudi madarakani." Hakuelewa, na simlaumu. Yeye alikulia Kigobe, kwenye nyumba zenye tangi juu ya paa, na mtu aliyekulia chini ya tangi lake mwenyewe ana mengi ya kuelezwa. Lakini nyinyi mliokulia lupango moja na familia nyingine tatu, mkachota wote robine moja, nyinyi hamtahitaji maelezo marefu.

Lupango letu lilikuwa Kamenge, mtaa mwingine wa mji huuhuu, upande wa hospitali kubwa. Ukuta wa matofali, geti la bati, nyumba nne zinazotazamana, na katikati robine iliyosimama juu ya kijukwaa cha sementi iliyopasuka. Nyumba ya kwanza ilikuwa yetu, mimi na mama. Baba alikuwa dereva wa lori. Alikuja kama mgeni, akatuachia ndizi na harufu ya mafuta, akaondoka. Mama alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa akiuza vitenge sokoni. Watu waliniita Kadogo, na yeye wakamwita Mama Kadogo, kana kwamba hakuwa na jina kabla yangu. Nyumba ya pili alikaa Espérance, ambaye sote tulimwita Espe, pamoja na bibi yake. Ya tatu ilikuwa na watoto wengi hata mama yao jioni hakuwaita majina, aliwahesabu tu. Na ya nne, yenye baraza, ilikuwa ya Papa Landri na mkewe, pamoja na Landri mtoto wao.

Papa Landri ndiye aliyekuwa nyumbakumi wetu. Kazi yake ilikuwa kujua nani analala wapi katika zile nyumba alizokabidhiwa. Mgeni akija, ajue. Mtu akihama, ajue. Na mtu aliyetoka ng'ambo kama mama yangu, karatasi yake ya kukaa mjini ilianzia mikononi mwa Papa Landri. Akisema "huyu simfahamu vizuri," basi, unafunga mizigo. Hakuwa mtu wa ugomvi. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, redio pembeni, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama lupango siku nzima kwa utulivu.

Watu wazima walipopita karibu na baraza ile walishusha sauti. Hata ndani ya nyumba yetu tulinong'ona. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini, akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu. "Chunga, mwanangu. Ule baba anasikia sana."

Anasikia sana. Nililitafakari neno hilo kwa akili zangu zote za darasa la pili. Nilikuwa na shangazi Uvira mwenye jino bovu ambaye hakuweza kunywa kitu baridi, kwa hiyo nilijua kwamba kiungo cha mwili kinaweza kusikia kupita kiasi. Papa Landri alikuwa na ugonjwa wa masikio. Kelele zilimuumiza, na majirani, kwa wema wao, walimhurumia. Nilijivunia kuishi na watu wenye huruma namna ile. Kitu kimoja tu kilinitatiza, nacho ni redio yake iliyonguruma kutwa. Baada ya kufikiri sana niliamua kwamba redio ile ni dawa aliyoandikiwa na daktari.

Sasa niwaeleze habari za Espe. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, mrefu, kichwa kimenyolewa kama wanafunzi wote, na sauti yake ilifika hadi kwenye mfereji wa nyuma. Nataka nimtendee haki: mwanzoni alitusaidia. Maji yalikuja saa yanayotaka yenyewe, na yalipokuja tulikimbia na bidoni zetu, yale madumu ya plastiki, tukasukumana, tukakanyagana, nusu ya maji ikaishia kwenye matope, kisha tukachapwa nyumbani bila kuulizwa nani alianza. Siku moja Espe alipanda kwenye ile sementi akasema, "Sasa mi nitapanga laini. Kila mutu na bidoni yake. Hakuna kusukuma." Tukapanga. Maji yakatosha nyumba zote na hakuna aliyechapwa. Tulimpenda. Mimi nilimpenda kuliko wote. Nilimwambia mama kwamba nikiwa mkubwa nataka kuwa Espe.

Baadaye akatuambia kuna hatari. Watoto wa lupango la ng'ambo ya mfereji wanapanga kuja kutuibia maji. Hakuna aliyewahi kuwaona wakija, na wao walikuwa na robine yao, tena nzuri kuliko yetu. Lakini ukishaambiwa kuna mwizi, kila kivuli kinaota mikono. Ikabidi tuwe na walinzi, na mlinzi hawezi kukaa bila cheo, kwa hiyo Landri akawa Komanda, na mmoja wa wale watoto wa kuhesabiwa akawa Komanda Mudogo. Mlinzi hapangi laini, anachota kwanza. Nani angekataa, na wao wanatulinda? Nilikuwa na rafiki katika lupango lile, Micheline, tuliyeruka kamba pamoja. Nikaacha kumsalimia. Alinitazama akiwa na kamba yake mkononi, hakujua amenikosea nini, na mimi pia sikujua.

Kisha ikaja desturi ya kupeleka maneno. Mtoto aliyemwambia Espe kwamba fulani kakucheka ulipojikwaa, au fulani kasema unajidai, alisogezwa mbele kwenye laini. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wote. Mtu wa nyuma hakosi neno la kupeleka, na akilikosa atalitunga. Watoto waliolala kitanda kimoja wakaanza kugeuziana migongo. Mwisho ukaja wimbo: kabla robine haijafunguliwa, tuimbe. "Espe wetu, maji yetu, bila Espe tutakauka." Aliyeimba kwa sauti ndogo alirudishwa nyuma, kwa hiyo tulibweka. Na Espe hakutupiga hata kofi, hilo nataka mlijue. Hakuwa na haja. Tulichungana wenyewe, bure, kwa bidii ambayo hata mshahara usingeinunua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawakusema kwamba matofali ya ukuta huo utayabeba mwenyewe huku ukiimba. Siku hizi nikikuta kitabu kinene kinachoeleza jinsi watawala wanavyoiteka nchi na kuishika, nakisoma kama mtu anayetazama picha za harusi ya jirani: huyu namjua, yule namjua, na yule pale nyuma anayepiga makofi ni mimi.

Msidhani lakini kwamba tuliishi kwa huzuni. Watoto hawajui kuhuzunika kutwa nzima. Maji yakishachotwa, ile sementi yenye utelezi ilikuwa yetu, tukateleza juu yake kwa makalio mpaka kaptula zikatoboka. Jioni ndagala zilikaangwa nyumba zote nne kwa wakati mmoja, na ukizunguka vizuri uliweza kushiba kabla ya kufika kwenu. Tulipiga bidoni tupu kama ngoma, wanne wanapiga, wengine wanaruka, na bibi yake Espe, aliyekuwa na goti bovu, aliruka akiwa amekaa. Nilikuwa na furaha. Nikisema sikuwa nayo nitakuwa mwongo.

Neno lenyewe lilitoka kwenye redio ya Papa Landri, mchana wa jua kali. Mtu mwenye sauti nzito alisema kwamba wale wote wanaotaka kudeta wanajulikana, na kwamba hakuna atakayefaulu kudeta. Alilirudia mara nyingi. Mama alikuwa mlangoni akikunja vitenge pamoja na bibi yake Espe, na niliona mikono ya wote wawili ikisimama, kisha ikaendelea kukunja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Sisi watoto tukataka kujua maana. Tukamtuma Landri akamuulize baba yake, naye akarudi na jibu: "Papa anasema kudeta ni kutoa mukubwa ku kiti, unaikala weye."

Nyinyi mliosoma mnacheka tayari. Mnajua kwamba neno ni la Kifaransa, coup d'État, nalo ni jina la jambo, mapinduzi ya serikali. Lakini sisi tungejuaje? Lilianza na "ku," kama kula, kama kulala, kama kucheza. Lilikuwa tendo, tena zuri. Landri, aliyekuwa akifundishwa shuleni kunyambua vitenzi vya Kifaransa kwa fimbo, akatusimamisha mbele ya ukuta tukalinyambua: mi nadeta, we unadeta, yeye anadeta, sisi tunadeta. Likatukaa mdomoni. Kufikia kesho yake lupango zima lilikuwa likidetana. Uliamka kwenye mkeka kwenda kunywa maji, uliporudi ulikuwa umedetwa. Mtoto mdogo wa nyumba ya tatu alilia kwamba kaka yake amemdeta mandazi.

Mama aliponisikia mara ya kwanza alinifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka rangi ya vitenge vipya. "Usiseme ile neno."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ule baba."

Nikaelewa. Neno lile lina mshindo ndani yake, ile "de" inagonga, na masikio ya mgonjwa hayaiwezi. Toka siku hiyo nikawa nikilisema polepole, kwa adabu.

Aliyesema kwanza kwamba hata Espe anaweza kudetwa ni Landri, Komanda mwenyewe. Komanda Mudogo alikuwa amempelekea Espe neno juu yake, neno la uongo kabisa, na Landri akashushwa cheo, akarudishwa nyuma ya laini, nyuma yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Alitukusanya nyuma ya choo, mahali ambapo mtu hakai bila sababu, akatupa mpango. Maji yakija, hakuna kuimba. Hakuna kupanga laini. Kila mtu anapindua bidoni yake na kuikalia.

"Tunaikala tu?" niliuliza.

"Tunaikala tu, sha. Ataamuru nani?"

Hakuna aliyepeleka neno kwa Espe. Mpaka leo nashangaa. Nadhani kila mmoja alikuwa ameshachoka kuwa wa nyuma, hata wale wa mbele.

Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao ni kelele. Tukifaulu tutapiga mayowe, na yule mzee maskini amekaa palepale barazani. Haikuwa haki. Asubuhi na mapema nikachukua pamba kwenye kisanduku cha mama, nikaikunja vipande viwili, nikaenda.

"Mwaramutse, Papa Landri."

"Mwaramutse, Kadogo. Unatafuta nini?"

"Nimekuletea pamba."

"Pamba ya nini?"

"Ya masikio. Leo tutadeta, kelele itakuwa mingi. Na we unasikia sana."

Alinyoosha mkono akazima redio. Sikuwahi kuiona ikizimwa, na ukimya ulinifanya nisikie kuku wakichakura.

"Nani amekuambia mi nasikia sana?"

"Mama."

"Na mutadeta nani?"

"Apana, ni siri. Lakini usiogope, itakuwa mara moja tu. Maji ikikuja."

Akaichukua pamba, akaitazama mbele na nyuma, akaitia mfuko wa shati. Niliondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema. Mara nikamwona ametoka ndani amevaa koti na viatu vya kung'aa, akivuka lupango kuja mlangoni kwetu. Papa Landri hakuwahi kuvuka. Watu ndio waliovuka kwenda kwake.

"Mama Kadogo," alisema, "leo usiende soko. Ubaki. Nitakuja kukuuliza kitu."

"Ndiyo, Papa Landri."

Mama alifunga mlango akasimama na mgongo wake ukiuegemea. "Kadogo. Ulimwambia ule baba nini?"

"Nilimupa pamba. Ya masikio. Nikamwambia tutadeta."

Alikaa kitandani. Kisha akasimama, akatandika kitenge kikubwa sakafuni, akaanza kuweka vitu: nguo zangu, blanketi, sufuria ndogo, kikopo cha chumvi, karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nami nikajua mara moja tunakwenda wapi. Tunakwenda Uvira, kwa shangazi mwenye jino bovu. Nilirukaruka. Nikatunga wimbo wa Uvira hapohapo nikauimba, wa samaki na mchanga na shangazi, na mama akaendelea kufunga furushi huku machozi yakimshuka bila sauti. Nilidhani amemkumbuka dada yake. Leo najua alichokuwa akikiona: maisha yake ya miaka yote yakiingia ndani ya kitenge kimoja, kwa sababu ya neno moja, na mtoto aliyelipeleka neno hilo anaimba. Nikiikumbuka ile mikono yake ikifunga fundo, moyo unaniuma bado. Hakunigombeza. Alinipaka mafuta usoni, akanivalisha viatu vya kanisani.

Ndipo robine ikakohoa.

"Mama, maji," nilisema, na nikanyakua bidoni. Hakuna mama wa Kamenge anayeweza kumzuia mtoto anayekimbilia maji, hata siku ya mwisho wa dunia.

Espe alikuwa ameshapanda kwenye sementi, mkono juu, tayari kuanzisha wimbo. Aliuanzisha. Aliimba "Espe wetu" peke yake, akasikia kwamba yuko peke yake, akanyamaza. Landri akapindua bidoni yake, akaikalia. Kisha mwingine. Kisha mimi, na viatu vyangu vya kanisani. Hata Komanda Mudogo, baada ya kutazama huku na huku kuhesabu wenye nguvu wako upande gani, akakaa.

"Muimbe," alisema Espe.

Kimya.

"Sitafungua."

Akafungua mwenyewe, nafikiri kututisha, na maji yakatoka kwa nguvu, meupe, yakimwagika bure mbele ya watoto waliokuwa wamekaa tu. Sijawahi kuona kitu cha ajabu kama kile. Espe alitazama maji, akatutazama sisi, na uso wake ukawa uso wa msichana wa miaka kumi na miwili asiyejua aweke wapi mikono. Mdogo kabisa wa nyumba ya tatu, yule aliyedetwa mandazi, hakuvumilia. Aliinuka akaenda akatia kichwa chake chini ya robine.

Basi, ndiyo ikawa imetokea. Tuliruka wote. Tukamwagiana, tukapiga bidoni, tukateleza, tukapiga kelele "Tumedeta, tumedeta," mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mtu akammwagia Espe kopo zima. Nikadhani atalia. Akachota kwa mikono miwili akamrudishia, kisha akaanza kucheka, kisha naye akapiga kelele, "Tumedeta," kwa ile sauti yake ya kufika mfereji. Hakuna aliyemkumbusha kwamba aliyedetwa ni yeye. Landri ndiye aliyetaka kuharibu. Alipanda kwenye sementi, akainua mkono akasema, "Sasa mi ndio Presida. Munaimba." Tulitazamana. Espe mwenyewe ndiye aliyemsukuma kwanza, na utawala wa Landri ukaishia kwenye matope akiwa bado hajapata wimbo.

Akina mama walikuwa wametoka, mikono kichwani, wakiyalilia maji. Kisha mmoja mmoja wakanyamaza, nasi tukanyamaza. Papa Landri alikuwa anakuja kutoka barazani, viatu vyake vya kung'aa vikizama kwenye tope.

"Nani mukubwa wa hii mambo?"

Vidole vyote vilimwelekea Landri, aliyekuwa bado amekaa matopeni.

"Na hii neno ya kudeta, nani amewafundisha?"

Alituuliza sisi, lakini macho yake yalikuwa kwa mama. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwetu, furushi miguuni, amekunja mikono kifuani. Mimi nilipenda sana kujibu maswali, hata shuleni, kwa hiyo niliinua mkono.

"Ni redio yako, Papa Landri."

"Eh, redio yako," walisema wengine.

"Na we ulinielezea, Papa," Landri alisema kutoka chini, akijifuta tope. "Si ulisema ni kutoa mukubwa ku kiti?"

Papa Landri aligeuka akaitazama redio yake kule barazani. Ni sasa tu, baada ya kuwa mtu mzima, ndipo ninapoweza kuona hesabu aliyokuwa akiipiga. Yeye alikuwa mtu wa kupeleka maneno juu. Lakini neno hili, akilipeleka, huko juu wangeuliza limetoka nyumba ya nani, na nani alilieleza, na nani aliwaongoza watoto. Huko juu pia kulikuwa na watu wanaosikia sana. Alitazama lupango. Alimtazama bibi yake Espe, akamtazama mama wa nyumba ya tatu, akamtazama hata mke wake, mmoja baada ya mwingine, na alipofungua mdomo alikuwa ameshusha sauti, kama sisi sote tulivyozoea kushusha mbele yake.

"Ni michezo ya watoto," alinong'ona. "Ama vipi?"

Mama Landri ndiye aliyeshindwa kwanza. Alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, kisha kitenge kikamwanguka na kicheko kikatoka chote. Bibi yake Espe akadaka. Mama wa nyumba ya tatu alicheka mpaka akakaa juu ya bidoni. Papa Landri alisimama katikati yao, tope hadi kwenye soksi, akisubiri waishe, na hawakuisha. Mwishowe akavuka kwenda kwa mama yangu. Nilimfuata nyuma, nikitaka kujua kama pamba imemsaidia.

"Mama Kadogo. Ile kitu nilisema nitakuja kukuuliza."

"Ndiyo."

"Mi sijasikia kitu."

Mama alimtazama. "Kitu gani, Papa Landri?"

"Kitu yoyote. Tangu asubui. Sijasikia."

Akageuka akaenda zake barazani. Mama hakusogea. Mimi nilikuwa nimeganda kwa furaha. Kelele yote ile, mbwa, bidoni, kicheko cha wanawake watatu, naye hakusikia kitu, hakuumia hata kidogo. Nilikimbia katikati ya lupango na viatu vyangu vilivyoloa nikawatangazia wote: "Papa Landri amepona. Amepona masikio. Mutu aseme vile anataka."

Sijui ni nani aliyewahi kuambiwa jambo kama hilo mchana kweupe. Watu walitazamana. Papa Landri aliketi kwenye kiti chake, na mkono wake ulikwenda kwenye redio, ukabaki hapo bila kuiwasha. Kisha Mama Landri, aliyekuwa bado anajifuta macho, ambaye kila siku alivuka lupango zima kuja kuomba kitu kwa kunong'ona, alisimama mlangoni kwake akasema kwa sauti nzima, juu ya kichwa cha mumewe:

"Mama Kadogo, uko na chumvi?"

"Iko ndani ya furushi," likaja jibu kutoka upande wetu, kwa sauti nene, pana, iliyogonga ukuta wa pili ikarudi. "Ngoja nifungue."

Kwetu nilizoea mnong'ono tu, nikageuka kutazama ni nani aliyesema.